Kiarabu cha Hussni

Jumapili, 9 Aprili 1995

Tumerudi Bloomington, Minnesota, tangu Alhamisi, na nje bado kuna theluji. Siku kumi na moja Misri, na mimi sikulitazama kaburi hata moja kwa raha. Nilikuwa nikimtazama mume wangu.

Kiongozi wa kundi letu la watalii aliumwa tumbo siku ya tatu. Wenzetu ishirini, wazee wa Minnesota watupu, wakamgeukia Hussni — ni Muislamu, anasoma Kurani, basi Kiarabu anakijua. Naye hakukataa! Kusoma anasoma, chuoni Mombasa, utotoni, alisifika kwa sauti. Lakini kuelewa? Hata maji aliagiza kwa kidole.

Jumanne, 11 Aprili

Hasira za Sakara, kule kwenye piramidi, hazijanitoka. Dereva alisema maneno mengi, Hussni akaitikia naam, naam, kisha akatutangazia kwamba basi litatusubiri palepale. Halikuwapo. Lilikuwa kwenye lango la upande wa pili. Saa nzima mchangani, juani. Bi Margaret, miaka sabini na minane, akaanguka. Nilimmwagia chupa yangu yote ya maji. Alipozinduka akamshukuru Hussni kwa utulivu wake. Watu hawa adabu itawaua.

Nimemwambia Hussni aseme kweli. Ati nisimvunjie heshima.

Alhamisi, 13 Aprili

Leo nimechoka kabisa. Davis, mwenye kampuni ya safari, amepiga simu: anataka Hussni aongoze kundi la Novemba. Wazee thelathini — na wao watalala jangwani siku tatu. Hussni yuko tayari kuacha kazi ya hoteli. Nimemuuliza, mtu akianguka huko, daktari utamwita kwa aya gani? Amenuna. Amekula bila kunitazama.

Jumamosi, 15 Aprili

Naandikia jikoni. Davis yuko sebuleni na mkataba, kalamu imeshatolewa. Mimi nimekuja "kutazama chai". Ameleta pia barua ya Kiarabu kutoka kwa wenye mahema ya kule jangwani, ati Hussni amsomee.

Na Hussni anasoma. Kwa sauti ile ya chuoni — anavuta panapovutwa, anatua panapotuliwa. Hata mimi moyo umelainika, Mungu anisamehe.

Amemaliza. Davis anauliza barua inasema nini.

Hussni ananiita nilete chai.