Paspoti ya Odilia

Flavia, amka huko Bukoba! Odilia kakamatwa.

Si alikwenda kisiwani na wenzake wa chuo, wikiendi hii, kuogelea? Ijumaa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Mjukuu wangu, paspoti niachie, isije ikalowa." Nikaichomeka kifuani, nikamtania kwamba humo hajaingia mgeni tangu babu yake afe.

Leo polisi wa Kichina wamekagua watu wanaoshuka kwenye boti. Wenzake wote wanazo. Yeye hana!

Kanipigia analia. Nikamwambia nakuletea sasa hivi. Akasema, "Bibi, usije. Viza yako iliisha Machi. Nitawaambia nimeipoteza."

Nitawaambia nimeipoteza! Mtoto kabakiza miezi miwili amalize udaktari, afukuzwe nchini kwa ajili yangu mimi mchuuzi wa nguo?

Flavia, nikatoka kutafuta mtu wa kumpelekea.

Niliowagongea milango hapa mtaani kwetu Dengfeng, wote viza zao kama yangu. Basi niko kwenye basi, naipeleka. Usinipigie kunizuia.

Wakinishika, mwambie mwanangu Didas mama yake anarudi kwa ndege ya serikali, na kiti kakaa cha dirishani.