Viti vya Maombi

Mathe,

Ukitoka shifti, chai iko kwa thamosi, ndengu ziko kwa sufuria. ~~Usifungue chumba cha Shosho.~~ Fungua tu, nimeshaangalia, hamna kitu.

Leo asubuhi mlango wangu uligongwa polepole, vile Shosho alikuwa akiniamsha mimi mjukuu wake tuombe. Nikajibu kama kawaida, "Shosho, hata Mungu bado amelala." Halafu nikakumbuka tulishamzika. Kufika sebuleni, hakuna mtu, lakini viti vimepangwa duara, tayari kwa maombi.

Tangu mazishi hatujaomba hapa, na wewe husema Mungu alituacha. Nilipiga magoti, nikakuombea wewe. Woga ukapungua, ingawa si wote.

Viti nimeviacha hivyo. Kaa kwa chako kidogo, hata kama bado umemnunia Mungu.

Kifungua mimba wako,
Njau