Nilimwita Baba Mkwe Tajiri Mbele ya Majirani

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia kuomba msaada, jambo ambalo si kawaida yangu, kwani mimi ni mhitimu wa uchumi mwenye miaka ishirini na minne, nimesoma vitabu vingi vya kodi kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu hapa Bendigo, na hadi Jumapili iliyopita sikuwahi kukutana na hoja iliyonishinda.

Mchumba wangu ni Tamsin Garrety. Baba yake, Mzee Neville, ni fundi wa kuezeka mapaa aliyeanza na ngazi moja, na sasa ana mafundi sita, nyumba tatu za kupangisha na boti anayoivuta hadi ziwani kila Krismasi. Jumapili hiyo alikuwa uani kwake akichoma soseji, majirani wamejaa, akaanza kulisifu punguzo jipya la kodi ya mapato. "Hatimaye serikali imetukumbuka sisi watu wa kawaida," akasema, "sisi wa katikati." Mimi, badala ya kula, nikamfafanulia kwa utaratibu kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwa wenye kipato cha juu, na aliponibishia mara ya tatu nikamwambia, "Mzee Neville, wewe si wa katikati. Wewe ni tajiri."

Ningemwita mwizi wangecheka. Kwa neno hilo, majirani wote wakainamia sahani zao.

"Tajiri? Mimi?" akasema, koleo la kugeuzia soseji mkononi. "Haya magoti unayaona? Tajiri gani anapanda paa Januari, bati linaunguza? Hebu niambie, Profesa, umewahi kutoka jasho nje ya chumba cha mtihani?"

Majirani wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba magoti si kipimo cha uchumi. Akazima moto, soseji zikiwa mbichi, akaingia ndani.

Tamsin ameniambia wazi: "Jumamosi umwombe baba msamaha, la sivyo Melbourne utahamia peke yako." Tulipanga kuhamia huko pamoja kwa ajili ya kazi yangu mpya. Jumamosi ni siku ya uchaguzi, na mimi na Mzee Neville tumepangiwa zamu moja ya kuwachomea na kuwauzia wapiga kura soseji pale shule ya msingi, desturi yetu ya kila uchaguzi ya kuichangia shule.

Ningeweza kuomba msamaha wa uongo yakaisha, lakini nilikwenda kwanza kwa mama yangu, Noelene, anayeuguza wazee, nikitumaini ataniunga mkono, naye akanijia juu: "Punguzo langu usiliguse! Dola kumi na tano kwa wiki ndiyo petroli yangu ya kwendea zamu. Na wewe mwenzangu, kwa hiyo kazi mpya, unapata ngapi?" Nikapiga hesabu: thelathini na tano. Mzee Neville, kwa makadirio yangu, tisini. Basi mama ananufaika, mimi namzidi mama, Mzee Neville anatuzidi sote, na sote watatu tunaapa kwamba tuko katikati. Nikipima kwa dola, naona zawadi ya matajiri. Nikipima kwa sehemu ya kodi ambayo kila mmoja alikuwa akilipa, mama ndiye aliyepunguziwa zaidi. Sijui tena nani ni nani. Niombe radhi kwa jambo ambalo huenda ni kweli, au nishikilie ukweli ambao siuelewi tena?

Alasdair, Bendigo

*

Alasdair,

Pole, na ninaisema kwa moyo. Sasa nikukaripie. Umekaribishwa chakula, ukamfunulia mwenyeji mifuko yake mbele ya majirani. Hapa kwetu mtu atakusimulia upasuaji wake wote wa nyonga, lakini kipato chake hata mkewe anakikisia. Wewe ukakitangaza.

Kuhusu kodi, hukukosea. Dola nyingi zinakwenda juu, na Mzee Neville yuko juu, magoti yaume yasiume. Mama yako naye hakukosea: chake ni kidogo, na anakihitaji. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na kama chuo hakikukufundisha kuyabeba pamoja, kilikula ada yako bure. Kinachokuchanganya si hesabu. Uliuchora mpaka wa utajiri juu kidogo ya kichwa chako, kama yeye alivyouchora juu ya chake. Ulikuwa na tarakimu za kila mtu isipokuwa zako.

Jumamosi fika kabla yake. Kata vitunguu vyote vya kukaangwa na soseji bila kuagizwa. Koleo usiliguse, ni lake. Akija, usimwambie "samahani kama nimekuudhi". Huko ni kukwepa. Mwambie, "Nilikosea kukusema vile nyumbani kwako, mbele za watu." Ishia hapo. Usidai kwamba neno lenyewe ni uongo, maana huamini hivyo, naye atakugundua.

Akitaka kubishana, mbishane. Foleni ya wapiga kura ni ndefu. Ila kabla hujazitaja dola tisini zake, zitaje thelathini na tano zako, kwa sauti, foleni nzima isikie. Kisha funga mdomo, ugeuze vitunguu, umwache naye atafute la kusema.