Aloisi Wanne na Kitufe Kimoja

Jumatano, katikati ya masika. Mvua imeanza kabla sijaamka na bado inanyesha. Mlima sijauona tangu Jumapili. Chumba changu hapa Pasua, mjini, kinanuka nguo zisizokauka, na mimi nina hasira, zote za kujikasirikia mwenyewe.

Niandike kosa langu kabla sijaanza kulipamba.

Miezi mitatu iliyopita nilikitengenezea kikundi cha wakulima wa kahawa wa kule kwetu Uru tovuti ndogo yenye jedwali la wanachama: namba ya kadi, jina, kitongoji, idadi ya miche anayoomba. Katibu alifurahi, ila akawa na lalamiko moja. Kila akitaka kuitoa orodha kwenye tovuti na kuiweka kwenye barua, aliburuta kipanya kutoka juu hadi chini, akabandika, na maneno yote yakamwagika kama maharage. Mwisho akawa anaandika upya kwa kalamu.

Nikamwambia hilo ni dogo. Nikaweka kitufe juu ya jedwali: Nakili. Unabofya mara moja, orodha nzima inakaa tayari kwenye kumbukumbu ya kompyuta, unakwenda kuibandika unapotaka. Nilijiona fundi kweli kweli.

Kisha katibu akapiga simu. Namba za kadi zinaanza na sifuri, na kila akibandika kwenye programu yake ya majedwali, sifuri za mbele zinapotea. Orodha ilikuwa inaonekana mbaya. Nilikuwa na kazi nyingine ya haraka mezani. Badala ya kutibu ugonjwa nikakata mguu: nikakiambia kitufe kiiruke safu ya namba. Majina yanatosha, nilijisemea. Nani asiyejua jina lake?

Nilisema hivyo mimi, mtoto wa Uru.

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Babu mmoja akiwa na wana wanne, na kila mwana akapata kifungua mimba wa kiume, basi ukoo una wajukuu wanne wenye jina moja. Kwetu jina hilo ni Aloisi. Kwenye kadi yameandikwa majina mawili tu, la ubatizo na la ukoo, kwa hiyo kinachowatofautisha wale wanne ni namba. Ile ile niliyoitupa.

Wiki iliyopita katibu alibofya, akabandika, akachapa, akapeleka karatasi kwenye kitalu cha miche. Bwana shamba wa kitalu ni mgeni kutoka Songea, kijana makini, hana hata miezi miwili hapa. Akaona Aloisi mmoja ameandikwa mara nne, kitongoji kile kile, miche arobaini ile ile. Akaona ni kosa la uchapaji, akaacha wa juu na kuwakata watatu. Ijumaa miche iligawiwa, na ile ya watatu ikapewa waliokuwa kwenye foleni ya nyongeza. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningekata pia.

Mmoja wa waliokatwa ni baba mkubwa wangu.

Jana nilipanda kwenda kumwona. Mibuni ya zamani ameshaing'oa yote, maana tuliambiwa hii mipya haishambuliwi na ugonjwa. Kihamba, shamba letu la ukoo linalozunguka nyumba, kimebaki na migomba na mashimo arobaini yaliyojaa maji ya mvua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha tukayatazama yale mashimo. Asipopanda masika haya atasubiri mwaka mzima, na mche ukishapandwa unasubiriwa tena miaka mitatu hadi uzae. Ana miaka sabini na moja.

Mimi ni Filomena kwa sababu mama yake alikuwa Filomena. Tangu nimezaliwa ananiita mama, mbele za watu na tukiwa wawili. Jana hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mama, hata wewe umenisahau?"

Nililia njiani kote, nikitembea, na kwa bahati mvua ilikuwa inanyesha.

Kabla ya kushuka mjini nilipitia kitaluni. Bwana shamba aliposikia habari ya majina yetu alishika kichwa. "Dada, kwa nini hamkuniambia?" Imebaki miche midogo, inatosha watu watatu, lakini Alhamisi asubuhi inachukuliwa na kijiji kingine. Nikimpelekea orodha sahihi kabla haijapakiwa, ataizuia.

Alhamisi ni kesho.

Kwa hiyo leo sijatoka. Namba imerudi, na sasa inaanza na herufi U, ili programu yoyote iisome kama maandishi na isithubutu kula sifuri. Vichwa vya safu vinanakiliwa pamoja na orodha. Ukibofya, kitufe kinakuambia umenakili wakulima wangapi, ulinganishe na ulichobandika. Na nimejiwekea sharti: safu inayomtambulisha mtu haiachwi nyuma kwa sababu ya sura.

Saa kumi na moja jioni nimebofya, nimebandika, nimechapa. Nimewatafuta kwa kidole. Aloisi, Aloisi, Aloisi, Aloisi. Namba nne tofauti.

Bibi Filomena hakujua kusoma. Alikuwa akisimama mlangoni na kuita Aloisi, na kati ya wote wanne aliitika yule yule aliyemtaka. Sijui alifanyaje. Mimi nahitaji karatasi.

Basi ninayo. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimeshaanza kupanda kwenda Uru, na gari la kijiji kingine litanikuta getini, nikimwita mwanangu kwa jina lake na kwa namba yake.