Namba 417 Haikufutika

Jumatatu, 18 Mei 2015

Leo wakimbizi mia tatu na ushee. Meli imewatoa mpakani jana, sasa wamejaa uwanja wa mpira kama siku ya fainali, ila hakuna anayeshangilia. Meza yangu ipo chini ya turubai, nyuma ya goli. Kompyuta moja, kamera moja, diski ya nje inayokoroma kama mgonjwa. Jina, umri, kijiji, picha, karatasi yenye namba — anayefuata!

Programu ni yangu. Niliiandika mwenyewe kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, nyumbani Buzebazeba, mezani pa kulia ugali. Najivunia jambo moja: haisubiri diski. Picha inaandikwa huko nyuma kwa wakati wake, mimi tayari naita mtu mwingine. Bwana Herman, bosi wetu, mtu wa Bukoba, kasema hajaona foleni inayokwenda hivi. Nikajifanya sijasikia ili arudie. Hakurudia.

Ukikosea unabonyeza FUTA. Programu inaiomba maktaba ya C, yale maagizo yaliyokwisha kuandikwa na wengine, isitishe kuandika, namba inarudi, anapewa anayefuata. Safi kabisa.

Jumanne, 19 Mei

Aibu. Naiweka hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuiweka.

Saa nne hivi kaketi mama mmoja, kitenge cha kijani kimemfunika hadi kwenye nyusi. Mkalimani kamsemesha Kirundi, yeye kajibu Kiha, lugha ya huku kwetu. Lugha zenyewe ndugu, mkalimani hakushtuka. Jina katoa la kubuni. Nikapiga picha, nikabonyeza HIFADHI. Ndipo akakohoa, akasema chini chini, "Pole na kazi, mkwe."

Mama Merina! Mama mzazi wa Jovita, mke wangu. Mzaliwa wa Mwamgongo, kijiji cha upande wetu wa mpaka, hajawahi kukimbia kitu isipokuwa mvua.

Sikumtambua. Ningemtambuaje? Miaka tisa ya ndoa sijamtazama usoni hata mara moja. Kwetu mama mkwe hatazamwi. Akiingia mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Namjua kwa kikohozi na kwa visigino.

Nikaiuliza kibodi: shikamoo mama, umefuata nini huku? Kasema wageni wamelala kwake wiki mbili, watu kumi na mmoja. Wamemaliza unga, wamemaliza dagaa, na mikeka kawapa. Leo wanagawiwa blanketi, yeye je? "Au mpaka na mimi nifukuzwe kwangu?"

Nikabonyeza FUTA. Skrini ikaandika IMEFUTWA. Nikamwonyesha njia ya upande wa vyoo. Kaondoka taratibu, kama mtu aliyekuja kukagua.

Namba yake, 417, nikampa mtoto aliyefuata: Mariana, miaka mitano. Mama yake, Rozalia, akapata 418.

Jioni nimemsimulia Jovita, kacheka hadi kakaa chini. Kisha kaacha ghafla. Umefuta kweli? Nikasema kompyuta haina sababu ya kudanganya.

Jumatano, 20 Mei

Orodha ya mabasi imetoka. Ijumaa asubuhi, 400 hadi 460 wanakwenda kambini. Getini watalinganisha uso na picha. Usipofanana unawekwa pembeni. Na mtoto akiwekwa pembeni anapelekwa hema la watoto wasio na wazazi, mzazi anapanda na wenzake, watatafutana mbele kwa mbele. Ndio utaratibu. Herman hakuutunga, lakini anaupenda.

Nikapitia picha, kujiridhisha tu. 415 sawa. 416 sawa. 417, Mariana, miaka mitano — mama mkwe wangu ananikodolea macho!

Nimeinamisha kichwa. Kwa adabu! Mbele ya skrini! Mkalimani kaniuliza kama naumwa.

Kisha nikatazama. Ilibidi. Ana macho ya Jovita. Miaka tisa sikujua macho yale yametoka wapi.

Alhamisi, 21 Mei

Sijapata usingizi. Nimesoma upya ukurasa wa mwongozo wa aio_cancel, ile amri ya kusitisha kuandika, ule niliousoma mbio zamani kwa kuwa intaneti kafe ilikuwa inafunga. Ukiomba kazi ifutwe unapewa namba ya jibu. Sifuri: nimefuta. Moja: sikufuta, kazi imeshashikwa, haiachiki katikati. Mbili: umechelewa, ilishakwisha. Hasi moja: ombi lenyewe lina kosa.

Mimi nilichungulia hasi moja tu. Isipokuwepo, naandika IMEFUTWA, tena kwa herufi kubwa. Hodari sana mimi.

Kwa hiyo Jumanne diski ilikuwa inamwandika Mama Merina polepole. Nikaiambia acha. Ikajibu moja. Sikusikiliza, nikampa mtoto namba ileile. Picha ya mtoto ikaandikwa. Ya bibi ikamaliza baada yake, ikakaa juu. Ya mtoto haipo tena popote.

Kurekebisha ni mistari sita. Namba isirudi mpaka jibu liwe sifuri. Ikiwa moja, subiri kazi iishe ndipo ufute kilichoandikwa. Nimejaribu mara ishirini, mara tatu limekuja moja. Mara tatu! Nikawakagua wote niliowafuta tangu tuanze, thelathini na mmoja. Wengine salama. Ni 417 peke yake.

Programu imepona, mtoto bado. Faili la mabasi, lenye picha za getini, Herman kalifunga kwa neno lake la siri. Kulifungua kunataka fomu, na fomu ina mstari wa tatu: picha iliyopo ni ya nani?

Nikaandika: hitilafu ya mashine. Kairudisha. "Mashine haizai bibi, Pastory. Huu ni uso wa mtu. Nitajie mtu." Nikasema labda ni kivuli. Hakucheka. Nami najua jina likitajwa linapelekwa polisi. Mvuvi mmoja wa Ilagala, mwenyeji kama Mama Merina, aliyejipanga foleni hii wiki iliyopita yuko ndani mpaka leo.

Nikaenda kumtazama Mariana. Alikuwa anasukwa. Kifundo chake cha mkono kimefungwa na cha Rozalia kwa kipande cha khanga. Tangu wavuke hawajafungua, hata msalani wanakwenda pamoja. Rozalia kaniuliza, "Karatasi zetu ziko sawa, baba?" Nikasema ziko sawa.

Nimejibu kama programu yangu.

Jovita kasema nikimwandika mama yake, tusijuane. Karudi kuchambua mchele. Kisha, bila kuinua kichwa: "Na huyo mtoto, alilia?" Nikasema bado.

Ijumaa, 22 Mei

Saa moja na nusu. Mabasi mawili yananguruma. Naandika gotini, potelea mbali.

Nimejaza fomu. Mstari wa tatu: Merina, mkazi wa Mwamgongo, mama mzazi wa mke wangu. Nilimpiga picha mimi. Nilidhani nimeifuta, haikufutika. Kosa la programu ni langu, kosa la kutosema ni langu pia. Mtoto apigwe picha upya. Nimetia sahihi kabla sijaisoma tena.

Herman kaichukua, katoa miwani. Wameshaita 409.

Kamera nimeiwasha. Mariana amesimama mbele yangu, nywele mpya, kanawishwa uso. Rozalia kabaki nje ya picha, mkono tu ndio umeingia, kwa sababu ya kile kipande cha khanga. Nimemwambia asikifungue.

411.

Herman bado anasoma. Ni mistari minne, anasomaje muda wote huo? Sasa kaushika mdomo. Sijui anazuia hasira au nini.

Kikohozi!

Getini. Kitenge cha kijani, leo kiko mabegani, uso wazi. Jovita yuko nyuma yake. Askari anamwuliza anamtafuta nani, naye ananyoosha kidole huku kwenye meza yangu.

413. Herman kakunja fomu mara mbili na kuivuta kibodi. Kidole kiko juu ya vitufe, hajaandika neno la siri. Anamtazama mama aliye getini, anatazama skrini, anarudi getini. "Ndiye?" ananiuliza.

Mama Merina anakuja. Sijainamisha kichwa.