Saruji ya Jino

Jumatatu, 2 Juni
Miezi saba na siku nne tangu nitoke Kasulu. Ikungi, tunajenga ghala la alizeti. Zege tangu saa moja asubuhi. Upepo wa baridi, vumbi la saruji machoni. Saa sita jino la mbele la juu likatoa usaha. Ni lile alilonipiga Daudi, kibarua mwenzangu, kwa mpini wa chepe mwezi wa nne. Mimi nilianza kwa matusi, yeye akamaliza kwa mpini. Nimetema, nimeendelea kuchanganya. Namchukia Daudi kuliko jino.

Likitoka nimekwisha. Mke wangu Tabu alisema: ukirudi tena na alama ya ugomvi usoni, nachukua watoto naenda kwa baba. Tabu hasemi mara mbili.

Alhamisi, 5 Juni
Hospitali, Singida mjini. Daktari wa meno ni mwanamke mfupi, mikono ya chuma. Mshipa wa jino umekufa, mfupa kwenye ncha ya mzizi umeliwa. Ama ang'oe, ama asafishe na kuziba. Anapima saruji mbili za kuziba mizizi, ya zamani na mpya, aone ipi inashika na ipi inavuja. Anayekubali halipi, ila arudi kupigwa picha. Nikachagua bahasha moja iliyofungwa, ndani imeandikwa saruji ipi. Ikatoka ya zamani. Hukauka polepole, tena huenda ikalifanya jino kuwa la kijivu. Nikasema sawa, bora libaki.

Sindano. Nilikunja ngumi bila kujua. Akaiona.

"Kaka, ukinipiga, hilo tundu atakuzibia nani?"

Nikaikalia. Halafu akaanza kukwangua ndani ya mzizi. Nilitaka kuua mtu, yeyote.

Alhamisi, 12 Juni
Leo ameziba. Unga kidogo, matone ya maji, anakoroga kwenye kioo. Nikamwambia hiyo ni saruji ya mfuko. Akacheka. Ukoo mmoja, anasema, ila hii imesafishwa. Juu yake kaweka pamba yenye maji, kafunika kwa muda. Nisiguse. Nirudi Jumatatu.

Jumamosi, 14 Juni
Niligusa.

Pamba ile ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Saruji isiyomwagiliwa siku saba hupasuka, kila kibarua anajua. Miaka tisa namwagilia kuta za watu, ya kwangu niiache ikauke na kiu? Jana nilifukua kifuniko kwa waya wa kufungia nondo, nikasukutua maji ya pipa. Asubuhi, mchana, jioni. Leo mdomo umevimba mpaka puani.

Daudi akaniona. Huniita Kigoma, kwa mkoa wetu wa mawese.

"Kigoma, umemwaga zege mdomoni? Au mawese yameganda?"

Wote wakacheka. Nikampiga karai sikioni. Akaanguka kwenye kokoto, nikampanda, nikampiga tena. Sikio likabaki linaning'inia. Watu wanne ndio walionitoa. Sikutaka kuacha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kashonwa. Msimamizi kanifukuza.

Jumatatu, 16 Juni
Nimemweleza daktari yote, waya na maji ya pipa. Hakunikaripia. Kasafisha uchafu, nimelia machozi kama mtoto. Kisha akagonga ndani kwa sindano.

"Unasikia? Imeshika. Maji ya pamba yalitosha."

Akaanza kuandika. Nikamwomba ule waya asiuandike. Aibu.

"Nikificha la kwako, karatasi yote inakuwa ya uongo. Nitajuaje saruji ipi ni nzuri?"

Akaandika.

Ijumaa, 4 Julai
Uvimbe umeisha. Napakia alizeti sokoni. Jino limebaki, halichezi, ila limekuwa la kijivu. Nilishapanga kumwambia Tabu nilianguka kutoka jukwaani. Angeamini.

Jumapili nilikwenda Iguguno, Daudi anauguzwa kwa mama yake. Nikamwamkia mama shikamoo. Hakuitikia. Nikasimama uani muda mrefu. Nilipomwita jina, Daudi alitoka, akanitazama, akarudi ndani.

Jana nimempigia Tabu. Nikasema mpini, karai, sikio, nani alianza. Swali lake la kwanza:

"Huyo mtu anasikia?"

Anasikia, nikasema.

Hakusema njoo. Hakusema usije. Akauliza nitapanda basi siku gani.

Daktari anataka picha nyingine mwezi wa kumi na mbili, aone kama mfupa umejaa. Nimemwahidi. Nategemea kufika Kasulu Ijumaa tarehe 11, jioni.