Ukurasa wa Mtoto Mchanga

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nyekundu tena. Nimetoa amri ya kujenga mwongozo, kompyuta ikafikiri kwa muda, ikanirudishia makosa arobaini na matatu. Viungo vilivyokufa. Picha zisizokuwepo. Sababu? Jasmin kule Dar kabadilisha majina ya vitufe vitatu na hakuniambia.

Najieleza mwenyewe, ndiyo mazoea ya darasani. Mwongozo wa programu hauandikwi kama barua. Kila ukurasa ni faili lake, maandishi matupu na alama ndogondogo: hapa kichwa, hapa picha, hapa msomaji aende ukurasa fulani. Ukimaliza, unatoa amri moja na kompyuta inayajenga yote yawe kitabu. Ukikosea alama moja, kitabu kizima kinagoma. Nimefundisha wakunga miaka thelathini na mmoja. Sikupata kuwa na mwanafunzi mkaidi namna hii.

Programu yetu ni Kadi Wazi. Zahanati zinaitumia kuandika watoto na chanjo zao, ili anayepitwa na tarehe atafutwe nyumbani. Ni programu huria, yaani kila mtu ana ruhusa ya kuichukua, kuona ilivyoundwa ndani, kuirekebisha, kumpa mwenzake. Jasmin na Khamis ndio walioiunda. Mimi naandika mwongozo. Nilistaafu nikidhani nitalima bamia.

Abdillah kapita na chai yake. "Bado unamwandikia barua huyo kompyuta?" Nikamwambia ndiyo, ila yeye hajibu. "Basi hakutaki, mama. Mwache." Miaka sabini na mbili na utani haujamtoka mume wangu.

Jumanne, 5 Agosti

Yamebaki makosa kumi na mawili. Umeme hapa kwetu Dunda ulikatika saa nne, ukarudi saa nane. Macho yanauma. Khamis katuma ujumbe: toleo jipya litoke Jumapili, mwongozo uwe tayari. Anaandika "uwe tayari" kama mtu anayeagiza chapati.

Alhamisi, 7 Agosti

Niandike taratibu, nisije nikaruka kitu.

Nina kanuni yangu: ukurasa haujaisha mpaka asomewe, au ausome kwa sauti, mtu atakayeutumia. Anaposita naweka alama. Msomaji hasiti bure. Akisita, mwandishi ndiye aliyekosea. Leo ilikuwa zamu ya Mwaija, nesi wa zahanati ndogo kijijini mbele ya Mkange. Nilimfundisha mwenyewe. Tumepigiana simu: yeye anasoma huko zahanati, mimi nasikiliza hapa.

Tukafika ukurasa wa kumwandika mtoto mchanga. Akasoma: "Kama mtoto hajapewa jina, andika Mtoto wa, kisha jina la mama." Sawa. Kwetu pwani mtoto anapewa jina siku ya saba, na zahanati inamwandika siku aliyozaliwa. Hilo nalijua tangu udogoni, nikalitengenezea sentensi. Nilijisifu nayo, hata!

Akaendelea: "Programu ikisema mtoto huyu ameshaandikwa, bonyeza Ndiyo, ili asiandikwe mara mbili."

Hapo hakusita. Akacheka.

"Hapa Bi Rukaya ulinisaidia sana. Siku ya pacha wa Fatu mashine iliniuliza. Nikataka kubishana nayo, nikakumbuka kitabu chako. Nikabonyeza Ndiyo."

Nikamuuliza alibonyeza lini. Alipokuwa anamwandika wa pili.

Jina, Mtoto wa Fatu. Tarehe ileile. Mama yuleyule. Kijiji kilekile. Programu ikaona mtoto mmoja kaandikwa mara mbili, ikamuunganisha. Sentensi zangu mbili, kila moja ukiitazama peke yake ni sahihi. Ukiziweka pamoja zinameza mtoto.

Nikamwambia afungue orodha. Yumo mmoja tu: chanjo ya wiki ya sita kapata, ya wiki ya kumi kapata. "Na mwenzake?" Nikamsikia anapekua. Kisha kwa sauti ndogo: "Mwenzake sijamwona tangu walipotoka hapa, mwalimu. Nilidhani mama anawaleta kwa zamu." Pacha hao walizaliwa tarehe 2 Mei. Hii ni wiki ya kumi na nne.

Akaongeza jambo ambalo sikumuuliza. Kitongoji cha pili yake, watoto wawili wamepelekwa hospitali na kifaduro, ugonjwa uleule unaozuiwa na chanjo hizo.

Mkunga mimi! Pacha wangapi nimewapokea kwa mikono hii? Sikuwakumbuka nilipokaa kuandika.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempigia Jasmin baada ya sala. Shikamoo, marahaba, kisha nikamweleza. Binti ana akili. Hakutafuta pa kujificha. Kasema programu inaweka kumbukumbu ya kila muungano, kwa hiyo waliomezwa wanaweza kupatikana. Lakini kumbukumbu hizo ziko kwenye kompyuta ya kila zahanati. Sisi hatuzioni. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo, siri za wagonjwa zibaki kwa wenyewe.

"Zahanati ngapi zinatumia mwongozo ule?"

Anazozijua ni kumi na mbili. Wengine walijichukulia. Ndiyo maana ya programu huria. Tumewaruhusu watu wachukue bila kuuliza, na sasa hatujui tuwaulize akina nani.

Kwa hiyo kazi imerudi kwangu. Ukurasa mpya: jinsi ya kuwatafuta watoto waliounganishwa. Uwe mfupi, usomeke kwenye simu, usiwe na sentensi inayoweza kumeza mtu.

Khamis naye kaingia kwenye simu. Anaona tuseme "maboresho ya usajili wa watoto" na tuyaweke katikati ya orodha ya mabadiliko ya toleo. Ana hofu yake na si ya kijinga: zahanati zikitishika zitarudi kwenye madaftari, na madaftari yalikuwa yanapoteza watoto wengi zaidi. Nikamsikiliza mpaka mwisho.

Nikamwambia: mwanangu, nesi ana wagonjwa arobaini nje, atasoma mstari wa kwanza tu. Ukimwandikia maboresho, atasema alhamdulillahi wameboresha, atafunga.

"Lakini bibi, tutaonekana hatufai."

"Hapo tumekosea, kwa hiyo tuonekane."

Jasmin akacheka. Khamis akasema basi, niandike. Mstari wa kwanza ni wangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Ukurasa mmoja, siku nzima. Nimeandika mara saba.

Mstari wa kwanza sasa unasema hivi: "Mwongozo wetu uliwaelekeza vibaya, na huenda kuna mtoto hamjamchanja kwa sababu hiyo." Chini yake hatua nne. Hatua ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Ukiona majina mawili yameunganishwa, usiamue ukiwa mezani. Nenda kwenye daftari la wazazi, lile la waliojifungua. Daftari lisiposema, nenda nyumbani ukahesabu watoto.

Nimemsomea Abdillah jikoni. Akasita kwenye hatua ya pili, nikabadilisha. Akasita tena, nikabadilisha tena. Mara ya tatu kasema hakusita, alikuwa anatafuna.

Jumapili, 10 Agosti

Nikajenga. Nyekundu! Kosa moja tu, ila kompyuta imekataa katakata: ukurasa upo lakini haumo kwenye yaliyomo. Nilisahau kuuandika kwenye orodha, kwa hiyo hakuna msomaji angeufikia. Nikaangalia mstari ule muda mrefu. Mashine inaweza kukemea kwa ukurasa uliosahauliwa; kwa mtoto, hapana.

Saa kumi na nusu alasiri toleo limetoka. Jasmin kalituma kwenye makundi yote ya manesi anayoyajua, na kawaomba wasambaze. Mgongo umekufa ganzi. Nimelala nikiwa na khanga ya mchana.

Jumatatu, 11 Agosti

Majibu yanaingia. Nesi mmoja wa upande wa Kaole: miungano tisa, yote mtoto mmoja kweli, aliandikwa na wafanyakazi wawili. Nimeshukuru kana kwamba ni wajukuu zangu. Mwingine: minne, mmoja hajui. Mwingine kauliza daftari la wazazi likiliwa na mchwa anafanyaje.

Mmoja kanitukana. Kasema watu wa mjini wanaandika vitabu bila kukanyaga wodini. Sikumjibu. Ningemjibu nini? Kwamba nimekanyaga?

Mwaija ana miungano mitano, nyumba sita za kwenda. Sitaki kukaa hapa nasubiri simu. Kesho najipanga, keshokutwa nakwenda.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika kwa vipande, kila tunapokaa.

Nimefika saa tatu na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mwaija kanipokea mzigo, macho yamemvimba. Nikamwambia aache; aliyefuata kitabu si mkosaji, mkosaji ni aliyekiandika. Akabeba kisanduku cha baridi cha chanjo, tukaanza na Fatu.

Hodi, karibu. Fatu yuko shamba. Tumemkuta mama mkwe wake, Bi Mwanabaraka, anapepeta mpunga. Rika langu. Kulwa kalala mkekani, mnene. Doto ndani. Hai! Nimemsikia analia.

Mwaija akauliza kwa nini wa pili hakuletwa. Bi Mwanabaraka akaweka ungo chini.

"Pacha huwatoi wote barabarani mara moja kama mbuzi wa mnada. Watu wana macho. Tulimtoa Kulwa kwanza."

"Na Doto?"

"Juma lililofuata alikuwa na homa. Kisha akaja mhudumu wenu na karatasi, kaita mmoja. Tukapeleka mmoja. Tukajua wa pili zamu yake bado."

Mhudumu anakwenda na orodha inayotoka kwenye programu. Mwaija akanitazama. Nikasema: kitabu kilichokosesha nimekiandika mimi.

Bi Mwanabaraka akanipima kuanzia viatu. "Wewe? Mtu mzima hivi?"

"Mimi."

"Kwenu hakuna pacha?"

Akaingia ndani, akamleta Doto kafunikwa gubigubi, akamfunua paja tu. Sindano. Akalia kwa nguvu, mapafu safi. Bi Mwanabaraka akatutilia mchele kwenye mfuko, nikakataa, akasema hakunipa mimi, kampa nesi.

Nyumba ya pili: mama kasema alizaa mmoja na hana habari na mwingine. Muungano wa haki. Tumecheka njiani kama wasichana.

Nyumba ya tatu na ya nne ni za akina Hajra wawili waliojifungua siku moja, programu ikawaona mama mmoja. Hajra wa pili hakungoja orodha. Alikwenda zahanati na kadi yake mwezi wa sita, akagomba mpaka mwanawe akachanjwa. Mwaija anakumbuka ugomvi ule, alimwona mkorofi. Mungu atuzidishie wakorofi.

Nyumba ya tano imefungwa kwa kufuli. Ni ya mama mmoja aitwaye Sophia. Daftari la wazazi ukurasa wake umelowa, hausomeki. Mwaija hakuwa zamu siku ile. Jirani anamenya mihogo barazani kwake. Kasema wamehama wiki ya pili hii, wamekwenda upande wa Saadani, kwenye mashamba ya chumvi.

Nikamuuliza Sophia alizaa watoto wangapi.

"Mie nilikuwa Chalinze kwa dada'ngu. Nilipokuja walikuwa wanafunga virago."

"Ulimwona na mtoto?"

"Mgongoni, ndiyo. Mmoja."

"Mmoja tu?"

Akaacha kumenya. Kasema mama yake Sophia naye alikuwa na kitu kifuani, kafunika kwa khanga. Mwaija akauliza kitu gani. Jirani akamwangalia kama mtoto asiyefundwa.

"Sikutazama. Mtu akifunika chake unamchungulia?"

Mwaija kaenda kutafuta pikipiki. Kasema barafu itashika mpaka kesho asubuhi. Nyumba ya sita iko njia hiyohiyo, tutapitia. Nimekaa barazani kwa jirani na muhogo mkononi, sina hamu nao.

Mtandao umekuja kidogo, ujumbe umeingia. Namba ngeni, ya mbali, zahanati ambayo Jasmin hana kwenye kumi na mbili zake. "Shikamoo bibi. Nimefuata hatua zako zote. Nimepata kumi na tisa. Niko peke yangu na usafiri sina. Nianze na yupi?"

Nimeandika: Marahaba, mwanangu.

Hapo nimesimama. Kwenye ukurasa sikuandika hatua hiyo. Nimeandika waliozaliwa karibu zaidi, nikafuta. Wenye kifaduro kijijini kwao, nikafuta, sijui kwao kuna nini. Jirani kaniuliza mbona siandiki tena, simu imeharibika? Nikamwambia hapana, ni nzima.

Mwaija huyo anakuja, pikipiki mbili. Anauliza kwa mbali kama mgongo utaweza. Utaweza. Yule nesi wa kumi na tisa bado anaona tu kwenye simu yake kwamba naandika—